Kurithi na Kurithiwa: Maelezo juu ya Lugha ya Kinga na Lugha ya Haki katika Habari za UKIMWI

Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi umbo la kitenzi linavyoweza kumtwika mtu lawama au kumwondolea, na jinsi vyama vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI vilivyolitambua jambo hilo mapema kuliko sisi wanazuoni wa lugha. Aghalabu hudhaniwa kwamba vyama hivyo kazi yake ni kutoa ushauri, kulea yatima na kuwatembelea wagonjwa, na kwamba ugomvi wao juu ya maneno ni jambo la pembeni. Mimi sioni hivyo. Nadhani madai yao makubwa kupita yote, yaani kwamba kinga haiwezekani pasipo haki, yalikuwa tangu mwanzo madai juu ya sarufi: nani awe mtenda katika sentensi, na nani awe mtendwa.

Mifano nitakayoitoa ni ya Kiswahili cha Tanzania kwa jumla, lakini ningependa msomaji awe na mahali pa kuipimia. Nimechagua Unyambwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Singida. Jina lenyewe lina kile kiambishi u- cha mahali ambacho twakiona katika Unyamwezi, Usukuma na Ugogo, na jirani zake ni Unyamikumbi na Unyianga, yenye umbo lilo hilo. Lugha ya wenyeji ni Kinyaturu, ambacho wengine hukiita Kirimi, na katika orodha ya Guthrie ni F.32, Kiswahili ndicho lugha ya shule, ya baraza na ya zahanati. Basi neno la tiba au la sheria likifika huko, huwa limekwisha safari mbili: limetoka Kiingereza kuja Kiswahili, nalo litaelezwa tena nyumbani kwa Kinyaturu. Zaidi ya hayo, Singida haimo katika mikoa iliyopigwa sana. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kati ya mwaka 2003 na mwaka 2017 kila mara uliikuta chini ya wastani wa nchi. Kwa sababu hiyo habari zake hazikuandikwa sana, na wengi wakadhani kwamba hapana la kujifunza huko. Nitaonyesha kwamba lipo.

Tuanze na jina la ugonjwa. Wagonjwa 3 wa kwanza Tanzania Bara walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Serikali ilikuwa haijatoa jina la Kiswahili, na watu hawangoji serikali. Huko Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivuka mpaka kutoka Uganda pamoja na biashara ya magendo; na Uganda kwenyewe uliitwa Slim, kwa sababu ya kukonda kwa mgonjwa. Tazama tofauti ya majina haya mawili. La Uganda lamtazama mgonjwa mwili wake. La Kagera lataja bidhaa, na nyuma ya bidhaa kuna mchuuzi mwenye fedha na msichana asiye nazo. Aliyetunga jina la Juliana, awaye yote, alikuwa amekwisha kutoa maelezo ya uchumi wa ugonjwa kabla ya mtaalamu yeyote kuandika ripoti.

Jina la UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini (wako wasemao Ukosefu), limekaa vizuri katika lugha kwa bahati ya herufi yake ya kwanza. Likianza na u- laingia bila taabu katika ngeli ya u-, nasi twasema UKIMWI umeenea, UKIMWI unazuilika, kama tusemavyo juu ya upofu na ukoma. VVU, yaani Virusi vya UKIMWI, limechukua upatanisho wa vi-. Lakini jina zuri la kitaalamu halikuwanyamazisha watu. Vijana wa mijini walitwaa herufi za jina la Kiingereza, AIDS, wakazisoma: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Wengine walisema ngoma, wengine miwaya, na aliyeambukizwa alisemwa kuwa amekanyaga waya. Mzaha huu wa mwisho una maana kuliko unavyoonekana. Akanyagaye waya hakukusudia, lakini hakutazama njia yake. Hivyo husikitikiwa na kulaumiwa kwa neno moja.

Sasa tuje kwenye jina la mtu mwenyewe. Magazeti ya miaka ya 1980 na 1990 yaliandika mgonjwa wa UKIMWI, hata kama mtu huyo alikuwa akilima shamba lake kutwa. Yaliandika mhanga, neno ambalo lafaa kwa mtu ajitoaye nafsi yake kwa ajili ya wengine, wala sioni lilifaa nini hapa. Na kuliko yote yaliandika mwathirika. Neno hili la mwisho limejengwa kwa athiri, lenye asili ya Kiarabu, kwa kutiwa -ik- ya kauli ya kutendeka. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajua kazi ya kauli hii: humfuta mtenda. Kikombe kimevunjika, wala hapana aliyekivunja. Kwa hiyo mwathirika ni mtu aliyepatwa na madhara, madhara yamekwisha kutimia, na aliyeyaleta hayumo katika sentensi. Wako waliolitetea neno hilo kwa hoja hiyo hiyo, wakisema ni la upole kwa kuwa halimtaji mkosaji. Ni kweli halimtaji. Lakini vile vile halimwachii mtu huyo lolote la kufanya: kikombe kilichovunjika hakijiungi tena.

Ndiyo sababu wenyewe walilikataa. Hoja yao haikuwa ya Tanzania peke yake. Mwezi Juni mwaka 1983, mwaka ule ule wa wagonjwa wa Kagera, kikundi cha wagonjwa kilikutana Denver, Marekani, kikatangaza kwamba hakitaki kuitwa kwa majina ya watu walioshindwa, na kwamba jina la mgonjwa laweza kutumika kwa nyakati tu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo, pamoja na wenzake walianzisha TASO nchini Uganda. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA Dar es Salaam, na baadaye chama kikaenea mikoani pamoja na Kagera. Naomba msomaji alitazame jina la chama hiki, maana laanza kwa maneno Walio katika Mapambano. Hilo si jina la ugonjwa wala la msaada. Ni kishazi rejeshi ambacho watu ndio kiima chake, nacho hakitenganishi kati ya aliyeambukizwa, mkewe, mamaye na jirani amwuguzaye. Wote wamo katika ile wa- moja. Sijui kama waanzilishi walikaa wakaijadili sarufi, lakini hata kamati ya wanaisimu isingalitunga jina bora zaidi.

Kutoka hapo ndipo lilipopata nguvu tamko la mtu anayeishi na VVU. Ni refu, na wahariri wa magazeti hulilalamikia. Lakini kiarifa chake ni ishi, kitenzi cha mtu atendaye, na virusi vimeshushwa daraja vikawa kitu cha kufuata na. Watumiaji walipochoshwa na urefu wake hawakurudi kwenye mwathirika. Walifupisha wakapata WAVIU, yaani Watu Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, neno ambalo kwa herufi zake za kwanza limejipatia ngeli ya wa-. Katika zahanati na vituo vya tiba twasikia WAVIU washauri, ambao ni watu wanaotumia dawa wenyewe na kuwafundisha wenzao. Na umoja wao wa wilaya huitwa Konga. Mgonjwa amekuwa mshauri. Mabadiliko hayo yaliwezekana kwa kuwa dawa zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za serikali tangu mwaka 2004, jambo ambalo lisisahauliwe na sisi tupendao kuyapa maneno sifa za vitendo.

Hata hivyo liko neno moja ambalo vyama havikuweza kulirekebisha, nalo ni ambukizwa. Hili li katika kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa, tofauti na ile ya kutendeka, humngoja mtenda. Ukisema ameambukizwa, msikilizaji huuliza: na nani? Swali hili ni la sarufi kwanza, lakini nyumbani huwa la hukumu. Na tufikiri nani huulizwa. Mwanamke mjamzito aendapo kliniki hupimwa, kwa ajili ya kumwokoa mtoto, na ni vema apimwe. Mumewe hana mimba, basi hana siku ya kupimwa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mke ndiye ajuaye kwanza, na ajuaye kwanza husemwa kuwa ndiye aliyeleta. Kitenzi leta hapa chatumika kana kwamba ugonjwa ni mzigo uliochukuliwa kutoka kliniki. Wanawake wamefukuzwa nyumbani kwa kitenzi hicho. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliona kwamba katika watu wazima wenye miaka 15 na zaidi, wanawake wenye virusi walikuwa asilimia 5.6 na wanaume asilimia 3.0, na mtu asiyejua habari za mwili, za ndoa na za umaskini aweza kuzisoma tarakimu hizo kuwa ni ushahidi wa tabia.

Kosa hilo la kusoma hali kuwa tabia lilisaidiwa na msamiati wa kinga wenyewe. Kwa muda mrefu idara zetu zilisema magonjwa ya zinaa. Zinaa ni neno la fikihi. Lataja dhambi yenye masharti yake na adhabu yake. Mke aliyeambukizwa na mumewe wa ndoa hakuzini, lakini ugonjwa wake uliandikwa kwenye kadi kuwa ni wa zinaa. Siku hizi wengi husema magonjwa ya ngono au yaambukizwayo kwa kujamiiana, na ijapokuwa hayapendezi masikioni, maneno hayo hayamhukumu mtu. Vivyo hivyo ile nasaha ya kuwa mwaminifu. Uaminifu katika sarufi ni sifa ya mtu mmoja. Lakini kinga itokanayo nao yahitaji wawili, na aliye mwaminifu peke yake hajakingwa na chochote. Wanawake wa vyama walilisema hili mara nyingi mikutanoni, wala halihitaji shahada ya udaktari kulielewa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kitenzi kilichotoa jina la makala haya. Rithi ni kitenzi chenye kuchukua yambwa, na katika desturi za jamii nyingi za nchi hii yambwa hiyo yaweza kuwa shamba, mifugo, au mjane. Ndugu wa marehemu amemrithi mkewe, mjane amerithiwa. Sentensi ya mjane kuwa mtenda, yaani mjane amerithi, kwa Kiswahili haina kasoro, lakini kwa sheria za mila haikupatikana kwa urahisi. Tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoziandika sheria za mila kwa ajili ya wilaya nyingi za Tanganyika, lilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa upande wa pwani yafaa kukumbusha kwamba Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 19, iliwakataza waumini kuwarithi wanawake kwa nguvu. Kwa hiyo ubishi juu ya kitenzi hiki ni mzee kuliko UKIMWI kwa karne nyingi.

UKIMWI ulilifanya jambo la urithi kuwa jambo la uhai. Mume akifa kwa ugonjwa usiotajwa, na mjane akarithiwa, virusi vyaweza kurithiwa pamoja naye, ama kutoka kwake kwenda kwa shemeji, ama kutoka kwa shemeji kuja kwake. Wahubiri wa afya waliona hatari hiyo upesi wakasema: acheni kurithi wajane. Lakini wanawake katika vyama waliuliza swali ambalo wahubiri hawakulitayarishia jibu. Mjane asiporithiwa atakula nini, ikiwa shamba si lake? Kukataa kurithiwa bila ya haki ya kurithi ni kufukuzwa. Na mwanamke aliyefukuzwa shambani huenda mjini au kwenye kituo cha magari ya mizigo, nasi tunarudi kwa Juliana. Kwa maneno mengine, huwezi kukifuta kitenzi katika kauli ya kutendwa usipokiweka katika kauli ya kutenda.

Mahakama zilisaidia, lakini kwa kusitasita. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika kesi ya Ephrahim na Pastory, iliyotoka Kagera, kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume, akitegemea Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Kesi ile haikuwa na habari ya ugonjwa. Lakini ilisikizwa katika mkoa wa wajane, wakati wajane walipokuwa wakizidi kila mwezi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba mila imnyimayo mwanamke ardhi ni batili. Kisha mwaka 2006 Mahakama Kuu ilipoombwa na wajane wawili wa Shinyanga iyafute masharti ya mwaka 1963, ilikubali kwamba yanabagua, nayo ikakataa kuyafuta. Shauri hilo likafika katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba wajane wale walikuwa wamekosewa.

Nimesema kwamba Singida inalo la kutufundisha. Neno hilo ni lawalawa. Katika mikoa ya Singida na Dodoma neno hili hutumiwa kwa maradhi ya sehemu za siri za watoto wachanga, na iliaminiwa kwamba dawa yake ni kumkeketa mtoto wa kike. Wachunguzi wengi wamelihusisha kuenea kwa neno hilo na juhudi za serikali za kupiga vita ukeketaji: jambo lililokuwa mila na jando la wasichana liligeuka kuwa tiba ya kitoto, na likahamishwa kutoka umri wa kuvunja ungo hadi umri wa kunyonya. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana, ambayo chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilikuwa miongoni mwa walioipigania, iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Lakini jinai hufichwa, na mtoto mchanga hana ulimi wa kushitaki. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 uliona kwamba karibu theluthi ya wanawake wa Singida walikuwa wamekeketwa.

Kwa mwanaisimu, lawalawa ni jambo la kutisha na la kustaajabisha pamoja. Neno limezaa ugonjwa, na ugonjwa umezaa tiba. Hapa mafunzo ya UKIMWI yaliingia kwa mlango wa wembe: watu walifundishwa kwamba wembe mmoja usitumiwe kwa watoto wawili. Nasaha hiyo ni sahihi kwa kinga, na ni pungufu kabisa kwa haki, kwa sababu mtu aweza kuitii barabara kwa kununua nyembe nyingi. Mzazi wa Unyambwa aliyeambiwa habari za wembe tu ameachwa na neno lake la lawalawa pasipo kuguswa. Wale waliounganisha mambo mawili, wakaeleza kwamba maambukizo ya njia ya mkojo hutibiwa kwa usafi na dawa ya zahanati na kwamba mwili wa mtoto si wa ukoo, walikuwa wakifanya kazi ya mtunga kamusi: waliondoa maana ya uongo na kuweka maana ya kweli. Kazi hiyo haifanyiki kwa Kiswahili peke yake, kwa kuwa bibi aliye mwenye neno hilo katika nyumba hafikiri kwa Kiswahili. Mabango mengi yasahau hivyo.

Limebaki jambo la sheria ya mwaka 2008, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, namba 28. Sheria hii ilikataza unyanyapaa. Neno lenyewe latokana na nyanyapaa, kumwona mtu kinyaa na kumwepuka, na kutendwa kwake ni nyanyapaliwa, kwa ile l iliyofichika ambayo twaiona pia katika zaa na zaliwa. Kwa miaka 40 iliyopita hapana kitenzi cha zamani kilichofufuka kwa nguvu kuliko hiki. Lakini sheria iyo hiyo, katika kifungu cha 21, yamtaka ajuaye kwamba ana virusi amwarifu mara moja mwenzi wake, na katika kifungu cha 47 yaweka kifungo cha miaka 5 hadi 10 kwa aambukizaye kwa makusudi. Tumekwisha kuona ni nani ajuaye kwanza, na kwa sababu gani.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zapaswa kugeuzwa. Wafasiri wa kifungu cha 47 nawaomba waangalie neno ambukiza. Lina mwisho wa kusababisha, na kauli ya kusababisha katika Kiswahili haiulizi nia: aliyemwangusha mwenzake kwa kujikwaa na aliyemwangusha kwa kumsukuma wote wamemwangusha. Kwa hiyo maneno kwa makusudi katika kifungu hicho yamebeba uzito wote, na katika usemi wa kila siku ndiyo ya kwanza kudondoka. Baraza la kata litakumbuka ambukiza na miaka 10. Ningeshauri tafsiri ya kifungu hicho na ile ya kifungu cha 21, kabla hazijapigwa chapa, zisomwe kwa sauti mbele ya wanawake wa Konga moja au mbili, Singida ikiwa mojawapo, na wao waulizwe wamesikia nini, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kinyaturu.